Kulungu Aliyekuja Kutoa Ushahidi

Kitendawili, wewe uliyekaa hapo: nawinda peke yangu, chakula changu nakifunika kwa majani, nikirudi nakuta wageni wameshanawa. Nani mimi? Ukisema chui umekaribia, ila chui yuko mbali na huku. Ni puma, paka mkubwa mwenye rangi ya udongo mkavu, na wageni wake ni mbwa mwitu. Katika bonde letu la Montana, chini ya miamba ya Kessler, mtoto hajajua kufunga kamba za viatu lakini hilo analijua.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi, Thora Skogen alikuwa jikoni kwake akimenya viazi. Puma akaingia kwa mlango wa nyuma, akajifuta miguu, akapanda juu ya kabati la vyombo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika. Thora akamuuliza kama wamemkuta tena. Puma akasema wamemkuta, na hata ini hakuwahi kulimaliza. Thora akaongeza kiazi kwenye sufuria. Alijua puma hali viazi, lakini hakuwa na kingine cha kuongeza.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla mbwa mwitu hawajarudi bondeni, puma alikuwa akiangusha kulungu wa huku, wale wakubwa kama farasi wenye pembe za matawi, katikati ya mbuga mchana kweupe, akala kidogo kidogo mpaka mifupa. Siku hizi anakula akiwa amesimama. Akisikia mlio wao anapanda mti, nao wanakula chini yake huku wakimtazama. Siyo kwamba mbwa mwitu hawajui kuwinda, wanajua sana. Ila wakiona mtu ameshajisumbua, hawaoni sababu ya wao kutoka jasho. Na mmoja mmoja si lolote. Kijana wao aliyepanda miambani peke yake mwaka uliopita hakushuka, na kundi zima halikuthubutu kwenda kumuuliza puma.

Akina Skogen nao ni hivyo hivyo, na sioni kwa nini niwapambe. Thora aliolewa na Emmet, mtu pekee katika familia ile aliyejua kusema asante, na Emmet akafa kwa ugonjwa wa kifua. Wakabaki ndugu watano wenye shingo nene, mkubwa wao Halvor. Ukimkuta mmoja dukani peke yake, anavua kofia na kukuuliza magoti yanaendeleaje. Ukiwakuta wote, shika mfuko wako vizuri.

Theluji ikifunga barabara, Thora anaishi kwa viazi na nyama ya kulungu mmoja, anayempiga risasi mwenyewe kila mwaka kabla ya baridi. Asipompata huyo, ni viazi vitupu mpaka theluji iyeyuke. Na huku kwetu mnyama ni wa yule aliyemtoa damu ya kwanza. Mwindaji akiwa peke yake hawezi kumbeba, lazima amwache akafuate farasi, basi anafunga kwenye pembe nguo yake yenye jasho. Wanyama wakiinusa wanakaa mbali. Watu wakiiona wanapita.

Alhamisi Thora alimpiga dume mbugani, akampasua tumbo apoe, akafunga skafu yake nyekundu kwenye pembe, akashuka kumfuata farasi. Aliporudi alikuta nyasi zilizolowa damu na alama za magurudumu. Jioni Halvor alipita barabarani na gari lake la mizigo, skafu ile ikiwa shingoni. Nyuma walikaa ndugu zake na mbwa mwitu, wamebanana, wote wakitazama upande mmoja. Mbwa mwitu walikuwa wameanza kupanda gari la akina Skogen tangu majani yalipoanza kuanguka. Hakuna aliyelizungumzia, isipokuwa wake zao waliolalamika kwamba nguo za kufua zimejaa manyoya.

Thora akapeleka shauri kwenye chama cha wawindaji, ambacho hukutana ukumbini kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mwenyekiti ni Orrin Beale, muuza bima, ambaye hajawahi kupanda mlima usiofikiwa na gari. Akina Skogen wakaingia kwa pamoja. Mbwa mwitu wakawafuata, wakalala chini ya benchi lao. Puma alizuiwa mlangoni. Orrin alimweleza kwa upole kwamba kundi linahesabika kuwa wahusika, lakini mmoja aliyekuja peke yake ni mpita njia. Puma akapanda paani akasikilizia kwenye bomba la jiko.

Thora hakuzungusha maneno. "Shemeji Halvor," alisema, "yule kulungu ni wa nani?"

Halvor akakoroga kahawa yake, ingawa hakuwa ametia sukari. Ndugu mmoja akasema shemeji macho yamechoka, labda alipiga kisiki. Mwingine akasema kisiki nacho kina supu, mradi shemeji akichemshe vya kutosha. Wakacheka wote kwa wakati mmoja, wakanyamaza kwa wakati mmoja. Swali likabaki pale mezani pamoja na vikombe.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia kulungu. Alikuwa ametoka kwenye banda la akina Skogen, ameshachunwa ngozi na paja moja la nyuma halipo, hivyo alitembea kwa miguu mitatu. Aliomba radhi kwa sababu ya sakafu. Mtu mmoja akasogeza kiti apite.

"Ni huyu mama," alisema kulungu. "Niligeuka nikamwona. Alinilenga vizuri, sikuteseka. Hawa wengine walikuja nimeshapoa."

Orrin alimuuliza kama ana kadi ya chama. Kulungu akasema hana. Orrin akasema basi hayo yachukuliwe kuwa maoni ya mgeni, na ukumbi unamshukuru kwa kujitahidi kufika. Kulungu akaomba asimame kidogo karibu na jiko, kwa sababu bila ngozi baridi inaingia. Wakamwambia nafasi hiyo ni ya wanachama. Wakanyoosha mikono, wakakubaliana kwamba mnyama aliokotwa akiwa hana alama yoyote, na Halvor alinyoosha wake huku skafu nyekundu ikimning'inia kifuani. Watu wa bonde zima waliiona. Ni watu wanaojua kuona, tatizo lao ni kwamba wanajali zaidi nani atawavuta gari likikwama.

Kulungu alirudi bandani kwa miguu yake, akajitundika tena kwenye ndoano. Hakuwa na kwingine pa kwenda. Siku ya pili mashemeji walimletea Thora kwato nne, na wake zao wakausifia ukarimu huo kanisani mpaka mchungaji akautia kwenye sala.

Thora alichemsha kwato. Baridi ile nguo zake zilimpwaya, na meno mawili yalilegea. Puma alikuja kila jioni, akakaa juu ya kabati. Hakumfariji, kwa kuwa puma hawana maneno hayo. Alimwambia tu kwamba mbuga imeshakwenda. Kilichobaki ni miambani, kwa paa wadogo, mahali ambapo kundi haliwezi kukimbia.

Theluji ilipoyeyuka Thora akauza farasi, kwa sababu kule juu hapandi farasi. Akaanza kupanda. Mwanzoni alishika mawe kwa mikono, baadaye hakuhitaji. Kiangazi kilipoisha aliota mkia mrefu, mzito, unaomsaidia sana kwenye kingo nyembamba, akaupasulia sketi zake tundu na kulipiga pindo vizuri. Jirani aliyemwona akianika nguo alimuuliza kama kitambaa kile kinachuja rangi.

Theluji ya kwanza ilipoanguka tena, Thora alimpiga paa juu ya miamba ya Kessler, mdogo kiasi cha kubebwa mgongoni. Nyama yake haikufika hata nusu ya ile ya kulungu, lakini ingemvusha. Puma alikuwa kando yake. Njia ya kushuka kutoka pale ni moja tu.

Chini, kwenye mdomo wa njia hiyo, walikuwa wamesimama akina Skogen. Walikuja kwa mstari mmoja, kila mmoja akikanyaga alama ya aliyetangulia, na mbwa mwitu nyuma yao wakikanyaga alama zilezile, hivi kwamba ungetazama theluji ungesema amepita kiumbe mmoja. Wakaketi kungoja. Hawakuwa na haraka. Mmoja alipiga miayo.

Thora akawatazama kutoka juu. Hakupaza sauti.

"Shemeji Halvor, mwaka jana nilikuuliza ukakoroga kahawa. Yule kulungu alikuwa wa nani?"

Halvor alitazama ndugu zake kulia, akatazama mbwa mwitu kushoto, akahakikisha wote wapo.

"Alikuwa wako, shemeji," alisema. "Na huyo hapo pia ni wako. Haya, mteremshe."