Wifi, Acha Kusali

Wifi yangu Bernadette alikuwa amefika katikati ya rozari, macho ameyafumba na midomo inakwenda mbio, nilipomwambia anyamaze. Sikumwambia kwa upole. Nilisimama mbele yake na mwiko mkononi, nikasema, "Wifi, acha kusali. Utaniharibia mtoto."

Sebule nzima ilinigeukia. Kwenye televisheni bwana mmoja mwenye suti alikuwa akisoma jina la kijana wa watu kutoka Georgia, na mama yake huko kwao alikuwa akilia kwa furaha. Kwetu hakuna aliyemtazama. Walikuwa wakinitazama mimi, mama mzazi wa Damian Hudak, mwanamke anayewakataza watu kumwombea mwanawe siku ya uteuzi, timu kubwa za mpira wa Kimarekani zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu.

"Renata," Bernadette alisema taratibu, kama anazungumza na mgonjwa, "tangu Alhamisi tunasubiri timu imchukue huyu mtoto. Leo Jumamosi. Raundi ya saba hii, baada yake hakuna nyingine. Nisiposali sasa nisali lini?"

"Basi sali wasimchukue."

Akajifanyia ishara ya msalaba, akamtazama kaka yake. Kaka yake ni mume wangu, Len, mtu mwema asiyeweza kumkatalia yeyote. Len alimtazama dada yake, akanitazama mimi, kisha akaenda kutafuta bia.

Nilikuwa nimechoka nao wote, nimechoka hadi kwenye mifupa. Siku tatu nyumba yangu ilikuwa imegeuka ukumbi wa harusi isiyo na bibi harusi. Watu walikula kabichi na tambi, wakala pierogi zilizojazwa viazi, wakala soseji, wakaacha sahani hadi kwenye ngazi, na kila aliyeingia aliuliza swali lile lile kana kwamba amelibuni yeye: "Wamepiga simu?" Hawajapiga! Wangepiga ungesikia kelele tangu barabarani!

Asubuhi ile wakala wa Damian alikuwa amenipigia simu. Anaitwa Sorensen, kijana anayezungumza haraka na kula maneno, lakini kazi yake anaijua. "Mama Hudak," aliniambia, "kuteuliwa raundi za mwanzo ni neema. Raundi ya saba ni mtego. Timu ya jangwani inamnyemelea, na tayari ina kwotabeki watatu, warushaji mpira kama yeye. Wakimteua ni mali yao, hana pa kwenda. Atakuwa wa nne, na hakuna timu inayobeba wanne. Agosti watamtema, atarudi hapo kwenu kuuza bima." Lakini jina lisiposomwa, alisema, uteuzi ukiisha tu Damian atakuwa huru kwenda anakotaka, na timu ya kule ziwani inamtaka. Kwotabeki wao ni mzee na goti lake bovu. "Kwa hiyo jangwani wakipiga, aseme hapana. Aseme kwa adabu, lakini aseme. Tafadhali mama, nakutegemea."

Nilimwelewa mara moja. Jambo lenyewe si gumu, hata mtoto wa darasa la tatu angelielewa. Nilimweleza Damian, naye akasema, "Sawa, Mama." Nilimweleza Len, akasema, "Sawa, mke wangu," kisha nikamsikia dakika hiyo hiyo akimwambia Kocha Marchetti kwamba jangwani ni pazuri, hakuna theluji.

Kocha Marchetti ndiye aliyekuwa ameshika kiti kizuri kuliko vyote, mbele ya televisheni, na kofia yake ya timu ya sekondari kichwani. Alimfundisha Damian miaka yote ya sekondari hapa Dunmoor, na ukimsikiliza utadhani alimzaa pia. Siku zile, kila Ijumaa jioni msimu wa mpira, mji wote ulifunga maduka ukaenda uwanjani, na watu wa makamo, wenye wajukuu, walimsimamisha mtoto wa miaka kumi na sita barabarani kumwambia namna ya kushika mpira. Kinyozi alimwambia. Padri alimwambia. Mama mmoja hospitalini, amelala na mirija puani, alimwambia Damian arushe mapema zaidi.

Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuamua aurushe wapi. Ndivyo watu wanavyodhani. Mwanangu hakuwahi kuamua kitu. Kabla ya kila mrusho aligeuza shingo kumtazama Marchetti pembeni ya uwanja, naye Marchetti akagusa kofia, akagusa sikio, akapiga tumbo, na ishara hizo zikamwambia kila kitu. Ukingo wa kofia ni kulia. Sikio ni kushoto. Mimi nilikuwa nikikaa jukwaani na blanketi miguuni nikizisoma kama magazeti.

Mechi ya mwisho ya sekondari niliona kitu ambacho sijakisahau. Upande wa kushoto ulikuwa wazi kabisa, bibi yangu angepita na mkongojo. Damian aliuona. Nilimwona akiuona. Kisha akamtazama Marchetti, Marchetti akagusa ukingo wa kofia, na mwanangu akageukia kulia kurusha, mbele ya majitu matatu ya timu pinzani yaliyokuwa yakimsubiri. Walimlaza chini hadi nikasimama. Usiku ule, barafu ikiwa begani mwake, nilimuuliza kwa nini, na akanijibu bila hasira yoyote, "Kocha ndiye aliyesema, Mama." Nilitoka nje nikapiga teke pipa la taka.

Chuoni ikawa vile vile, ila kwa gharama kubwa zaidi. Huko walikuwa na mabango makubwa yenye picha za wanyama na matunda, wachezaji wa akiba wakiyanyanyua pembeni. Nanasi na tembo, fanya hivi. Nanasi na bata, fanya vile. Damian alifanya. Alifanya vizuri mno, rekodi za chuo zikavunjika, waandishi wakaja hadi mlangoni kwangu kuniuliza mtoto huyu nimemlea vipi hata akawa na nidhamu namna hii. Nidhamu! Nilikuwa na mtoto asiyeweza kuchagua soksi bila kumtazama mtu usoni, nao wanaita nidhamu.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kochi kati ya shangazi yake na kocha wake, mikono katikati ya magoti, na simu yake mbele yake juu ya sahani safi. Kuiweka kwenye sahani lilikuwa wazo la Bernadette. Alisema isiguswe na mtu mwenye mafuta mikononi.

"Renata ana hofu tu," Bernadette alimwambia Marchetti, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie jikoni. Jiko letu na sebule ni kitu kimoja, hakuna hata pazia.

"Akina mama wote wako hivyo," Marchetti akajibu. "Lakini mama, sikiliza. Tangu kiwanda kifungwe hakuna jina la mtu wa Dunmoor lililosomwa kwenye ile televisheni. Hakuna. Watu hapa hawana kitu kingine cha kusubiri. Mtoto akisomwa leo, hata akikaa benchi, ni wetu amesomwa."

"Akitemwa Agosti atakuwa wenu pia?"

"Hatatemwa."

"Kocha, wana watatu!"

"Nitazungumza naye."

"Umezungumza naye vya kutosha!" nilisema, na mwiko ukarusha kabichi hadi ukutani.

Simu ikalia. Watu walisimama wote kwa pamoja, mtu akaangusha chupa, Bernadette akapiga kelele akimwita Mama Maria. Damian akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa Teddy, binamu yake Len kutoka Ohio.

"Wamepiga?" Teddy aliuliza.

"Toka kwenye simu, Teddy!" nyumba nzima ikamfokea. Hapo tu ndipo tulipokubaliana jambo siku ile.

Zilikuwa zimebaki timu chache. Nilimtazama mwanangu kwa upande. Kila bwana yule wa suti alipokaribia kipaza sauti, Damian alinyanyua kidevu kidogo, kidogo tu, na jina likisomwa la mwingine kidevu kilishuka. Moyo uliniuma. Nilikuwa nimedhani ni wajinga wale wengine tu ndio wanaotaka jina lisomwe. Kumbe hata yeye alilitaka, na amelitaka tangu akiwa na meno ya maziwa, na mimi nilikuwa nimempigia hesabu zangu na za Sorensen bila kumuuliza. Nikakasirika zaidi, kwa sababu hesabu zile zilikuwa sahihi.

Simu ikalia tena.

"Weka sauti tusikie wote," Marchetti alisema, na Damian, bila shaka, akaweka.

"Damian Hudak?" Ilikuwa sauti nzito ya mtu mzima, na nyuma yake kulikuwa na watu wengi wanaozungumza. Alijitambulisha. Alikuwa kocha mkuu wa timu ya jangwani. "Zamu yetu inakuja sasa hivi. Wakala wako anasema hutaki kuja huku, unataka tukuache. Sina tabia ya kulazimisha watu. Nataka kukusikia wewe mwenyewe. Tukuchukue, tusikuchukue?"

Marchetti alikuwa ameinuka nyuma ya kochi, na sikuamini macho yangu: mtu mzima yule alikuwa akigusa ukingo wa kofia yake, mara ya kwanza, mara ya pili, kama vile tuko uwanjani. Bernadette alitikisa kichwa juu chini, juu chini, rozari ikicheza kifuani. Len alinitazama mimi, akamtazama dada yake, akakubali huku, akakubali na kule.

Damian hakumtazama yeyote kati yao. Aligeuza shingo akanitazama mimi.

Yalikuwa macho yale yale ya Ijumaa jioni. Alikuwa akisubiri ishara. Nami nilikuwa nayo, Mungu wangu, nilikuwa nayo tayari shingoni. Kilichotakiwa ni kutikisa kichwa mara moja tu, kulia na kushoto, na mtoto angesema hapana, angekwenda ziwani, angecheza, na mimi ningekuwa nimemwokoa. Nilikuwa sahihi. Sijawahi kuwa sahihi kiasi kile maishani mwangu. Na miaka yote ile nilimchukia Marchetti kwa sababu ya kofia yake.

Nikampa mgongo. Niligeukia sufuria ya kabichi nikaanza kuikoroga, na hakukuwa na haja ya kuikoroga, moto nilikuwa nimeuzima. Nilisema kimoyomoyo, sema hapana, mwanangu, sema hapana, nikakoroga.

"Kijana?" sauti ya simu iliuliza. "Upo?"

"Nipo, bwana." Akakohoa. "Wakala wangu anataka niseme hapana. Na mama yangu anataka niseme hapana, ila amegeukia sufuria ili asinitie neno. Nawajua kwotabeki wenu wote watatu. Wa kwanza ni mzuri, kwake nitajifunza. Wa pili ukimsukuma kushoto anaufumbia macho mpira. Wa tatu haamini mkono wake. Nimewatazama mwaka mzima, bwana. Nichukueni."

Yule mtu alicheka, kicheko kifupi. "Hakuna aliyewahi kunijibu hivyo."

"Samahani, bwana."

"Usiniombe samahani. Washa televisheni."

"Imewashwa."

Sikuona jina likisomwa. Nilikuwa bado nimeutazama ukuta wenye kabichi. Nililisikia tu, Damian Hudak, na baada yake nyumba ililipuka. Walipiga vyungu, walikumbatiana, walimbeba mtoto juu hadi kichwa kikagonga taa. Marchetti alilia waziwazi, kofia kaishika kifuani kama yuko kanisani. Bernadette alinijia mbio, akanibusu mashavu yote mawili kwa ushindi na kuniambia, "Unaona? Unaona? Nilikuambia siachi!" Nje magari yalianza kupiga honi. Kengele ya kanisa ililia, na sijui mpaka leo nani aliyempa Padri habari haraka vile.

Nilitamani kumzaba kibao yule mtoto. Nilitamani kumbeba. Alijichomoa mikononi mwa watu akaja akasimama kando yangu, mrefu, uso mwekundu, jasho limemloanisha shati.

"Umekasirika, Mama?"

"Sana."

"Ziwani ningecheza mapema."

"Ungecheza Septemba! Yule mzee hana goti!"

"Najua."

"Na jangwani unaweza usicheze kabisa. Unalijua hilo? Wanaweza kukurudisha kabla hata hujajua bafu liko wapi."

"Najua, Mama. Wanaweza." Alisema akinitazama usoni, lakini hakuwa akitafuta kitu usoni mwangu. Halafu mtu akamvuta mkono, akachukuliwa tena na ule umati, na nikaona kichwa chake tu kikielea juu ya vichwa vya wengine kuelekea mlangoni.

Simu yangu ililia mfukoni mwa aproni. Alikuwa Sorensen, na safari hii hakula hata neno moja.

"Mama Hudak, nini hiki? Tulikubaliana! Nilikuwa na watu wa ziwani kwenye simu nyingine, kalamu iko mkononi! Nani kamwambia afanye hivi? Ni yule kocha wa kofia? Ni baba yake? Niambie, nani kamwambia?"

"Hakuna," nilisema.

"Nini? Sikusikii!"

Ilinibidi niingie stoo na kufunga mlango, maana nyumba nzima ilikuwa ikiimba. Nilikaa juu ya gunia la viazi. Machozi yalikuwa yakinitoka na nilikuwa nimekasirika vibaya sana.

"Nimesema hakuna aliyemwambia," nikamjibu. "Hakuna mtu."