Fundi Makochi Auza Sura

Fundi makochi huyu alikuwa hodari: mgeni akikaa kwenye kochi lake alisahau kuaga. Tatizo lilianza siku shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipomtembelea dukani. Shemeji alikuwa hajawahi kuuza hata kiberiti, ila aliendesha semina za kuwafunza wafanyabiashara kujijengea jina. Akamwambia fundi kwamba wateja hawanunui kochi, wanamnunua yeye. Basi auze sura.

Fundi akaingia mzima mzima. Akashonesha suti iliyombana mpaka akawa anapumua kwa mafungu. Akapigwa picha ameegemea gari la jirani, mwenye gari akiwa pembeni anamsubiri atoke ili awahi kazini. Kila asubuhi alirusha video kuhusu siri za mafanikio, mambo aliyoyasikia jana yake tu kwa shemeji. Waliomwandikia kuuliza bei hakuwajibu. Eti mtu mkubwa hajibujibu ovyo. Kisha likapanda bango: uso wake mpana kama beseni, mikono kifuani, na maneno "Badilisha Maisha Yako". Neno makochi lilikaa chini kabisa, nyuma ya bomba la maji ya mvua.

Wateja wakapungua, wageni wakaongezeka. Mmoja aliuliza anagombea nafasi gani. Mwingine alitaka aombewe mgongo. Mkewe, aliyeshona vitambaa vya makochi nyuma ya pazia, aliyasikia yote akauma midomo.

Siku moja wakaingia mume na mke waliokuwa hawasemezani. Kwa lile bango, waliamini humo mna mshauri wa ndoa. Fundi angeweza kuwaambia ukweli, lakini yule mke alimwita mwalimu, na neno hilo likamlainisha. Akawakalisha kwenye kochi la maonyesho, akakohoa, akaanza kueleza habari za maono. Alieleza mpaka tai ikalowa jasho. Alipotua, akagundua hawamsikilizi. Mume alikuwa anabonyezabonyeza sponji. Mke amevua viatu, amejiegemeza, macho yanamlegea.

"Samahani, mwalimu," mume akasema. "Kochi hili umelinunua wapi?"

"Nimelitengeneza mimi."

Wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu waingie, wakacheka. Mke akamwomba asione vibaya, ila sasa wanamtaka fundi aliyelitengeneza kweli, siyo mtu wa suti.

Hilo lilimchoma. Akavua koti, akapiga magoti, akalipindua kochi awaonyeshe mbao na mikanda ilivyofungwa. Suruali ikapasuka nyuma kwa mlio uliosikika hadi barabarani. Mkewe akatoka nyuma ya pazia na kipande cha kitambaa, akamfunga kiunoni, kisha akawageukia wageni.

"Mnataka la watu wawili au watatu?"

Mume alitaka la watatu, ili wakae mbali mbali. Mke akasema la wawili. Wakabishana pale pale, sauti zikipanda na kushuka, mpaka wakakubaliana la wawili.

Jioni ile mke wa fundi alipanda ngazi na brashi, akaandika MAKOCHI kwenye paji la uso la mumewe pale bangoni, sikio hadi sikio. Oda zikarudi.

Kochi lilipokamilika fundi alilipeleka mwenyewe, amevaa nguo za kazi. Mume akamvuta kando, akamuuliza kwa kunong'ona jinsi ya kumwomba mkewe radhi. Fundi akachungulia mlangoni. Mke wake mwenyewe hakuwepo.

"Keti," akamwambia, akarekebisha kola.