Kimya Nyuma ya Pazia

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Mvua ya masika ilipiga hadi alfajiri, kisha ikakatika, ikaacha mawingu mazito na ardhi chepechepe. Maulida aliswali, akabaki juu ya mswala akimwomba Mungu kitu kimoja tu: sauti. Kabla malori ya kifusi hayajafika, ilimpasa asimame mbele ya mkutano wa kijiji, hapo Kaole, aombe barabara ipindishwe isipite juu ya mwanawe.

Mwanawe Adila alifariki angali mdogo, akazikwa pembeni mwa shamba, kwenye mikorosho. Kaburi halikujengewa. Lilizungushiwa mawe ya pwani tu, na Abdillah, mume wa Maulida, ndiye aliyekuwa akilipalilia. Mwanzoni mwa mwaka huu Abdillah naye akatangulia mbele ya haki, Maulida akakaa eda.

Akiwa bado ndani ya eda, shemeji yake Bwanausi, nduguye Abdillah, alikuja akasimama nje ya pazia la chumba.

"Shemeji, kijiji kinataka kupitisha barabara ya shule kwenye lile shamba lenu. Unasemaje?"

Sauti yake ilikuwa Abdillah mtupu. Maulida aliisikia sauti, maneno hakuyasikia. Alijiziba mdomo kwa pindo la kanga, akalia kimyakimya. Bwanausi akangoja, akakohoa, akasema, "Haya, tumeelewana," akaenda zake. Katika mila aliyokulia, bi harusi huulizwa nyuma ya pazia kama ameridhia, na akinyamaza, wazee hutoka na habari kuwa amekubali. Basi naye akakibeba kimya cha mjane, akakipeleka mkutanini kama kile cha bi harusi.

Maulida alipotoka eda alikuta greda limeshapita. Alizunguka palipokuwa na mikorosho, akaokota jiwe hapa, jiwe kule, yote yametawanyika. Hakujua tena mwanawe amelala wapi.

Jioni ile alikwenda kwenye masomo ya watu wazima aliyokuwa ameyaacha tangu msiba. Hakuwa na mahali pengine pa kupeleka uchungu wake. Mwalimu Paskalina alikuwa akifundisha Katiba. Alisema ile ya mwaka 1977, ilipotungwa, haikuwa na orodha ya haki za raia. Haki hizo ziliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984. Ibara ya kumi na tatu, akaeleza, inataka mtu asikilizwe kikamilifu pale haki yake inapoamuliwa.

"Kwa hiyo, mwalimu, Katiba yenyewe ilikuwa na upungufu?" Maulida aliuliza.

"Ilikuwa nao, mama. Watu wakakaa, wakaongeza."

Maneno hayo aliondoka nayo kifuani, akalala nayo.

Sasa mkutano ulikuwa umejaa kwenye baraza la shule. Mwenyekiti Rajabu alimpa nafasi. Maulida akasimama, akaeleza habari ya kaburi mpaka mwisho.

"Mambo haya tulishayamaliza, bibi," mzee mmoja alidakia. "Watoto wetu wanavuka maji mpaka kiunoni. Barabara ingoje machozi?"

"Kasoma jioni mbili tatu," mwingine akacheka, "kesho atatuletea Bunge zima hapa!"

"Barabara siikatai," Maulida alisema. "Hao watoto ni wangu pia. Lakini mliamua juu ya shamba langu bila kunisikia. Katiba ya nchi nzima ilikuwa na upungufu, wakubwa wakakaa wakairekebisha. Uamuzi wa kijiji chetu utashindwaje kurekebishwa?"

Kicheko kikakatika.

"Bwanausi," Mwenyekiti aliita, "si ulituambia mjane kakubali?"

Bwanausi alivua kofia. "Nilimuuliza, akanyamaza."

"Nilikuwa nalia, shemeji," Maulida alisema. "Ulisema kwa sauti ya ndugu yako. Ningekujibu nini?"

Bwanausi aliketi ghafla kama aliyesukumwa. "Sikujua kaburi liko pale," alisema polepole. "Alipozikwa mtoto nilikuwa naishi Ubena. Nilidhani alizikwa makaburini."

Mwenyekiti aliwataka wanaokubali ombi la Maulida wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka, hata ya yule mzee. Barabara ipindishwe. Sehemu yote ya mikorosho iachwe, isilimwe wala kupitwa, kwa kuwa hakuna tena wa kuonyesha kaburi lilipo hasa.

"Umeridhika, mama?" Mwenyekiti aliuliza.

Maulida alifungua mkoba akatoa jiwe moja la pwani, lile alilolitambua kwa weupe wake. Alitaka kusema alhamdulillahi, lakini hakuwa na pa kulirudisha jiwe hilo. Midomo ikacheza, neno lisitoke.

"Basi, kanyamaza," yule mzee alisema. "Yameisha. Tuondoke."

"Hatuondoki!" Bwanausi alisimama, machozi yakimtiririka mashavuni. Akamgeukia Maulida, na sauti ilikuwa ileile ya Abdillah. Safari hii Maulida alisikia kila neno.

"Shemeji, hawa wote hapa ni mashahidi wangu, na Mungu ni shahidi. Kimya chako sitakijibia tena mpaka naingia kaburini. Nitakuuliza, halafu nitakaa ningoje. Hata ukichukua mwaka, nitangoja, na ukisema hapana, nitaipeleka hapana yako kama ulivyoisema."