Uchafu wa Kuomba

Blu-blu-blu-blu.

Sauti hiyo ilimpokea Mama Deki mlangoni kabla hajavua viatu. Ufunguo ulikuwa bado tunduni, begi bado begani, na giza la korido bado machoni. Ilikuwa sauti ya sufuria inayotokota, ila jiko lilikuwa kushoto na sauti ilitoka kulia, sebuleni.

"Nani ameacha maji yanachemka?" akapaza sauti.

"Hayachemki, mke wangu," mumewe akajibu kutoka huko huko. "Yanapumua."

Aliingia akiwa ameshika kiuno, na hapo akapigwa na butwaa. Juu ya meza ambayo miaka yote ilikaa kitambaa chake cheupe cha kufuma, palikuwa na tangi la kioo refu kama sanduku la mtoto anayekwenda bweni, limejaa maji, changarawe chini, majani ya kijani yanayoyumba, na samaki wadogo wenye mikia kama vitambaa vya sherehe. Pembeni, bomba jembamba la hewa likitoa mapovu. Blu-blu-blu.

Jina la Mama Deki hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wapangaji wa jengo zima, kwa siri ambayo yeye mwenyewe aliijua. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo hospitalini, na alipostaafu hakustaafu, alihamisha kazi tu akaileta nyumbani. Watu walisema nzi akitua kwenye sakafu yake huteleza na kuvunjika mguu.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na katika ndoa yao alikuwa mume wa kupita. Alifika, akaoga, akala, akalala, akaondoka. Watoto walikua wakimjua kwa mlio wa honi. Kisha siku moja aliteleza kwenye ngazi ya lori lake mwenyewe, mguu ukavunjika, na kwa kuwa umri nao ulikuwa umefika, kampuni ikamwambia apumzike moja kwa moja. Basi akarudi nyumbani na mguu ndani ya plasta, akakaa dirishani. Koti lake la kazi, lililonuka dizeli, Mama Deki alilitundika nje, kwenye msumari wa kibaraza cha nyuma, lisije likaambukiza makochi.

Hapo ndipo wawili hao walipogundua kwamba hawana la kuambiana.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Nikuletee chai?"

"Baadaye."

"Basi."

"Basi."

Neno hilo "basi" lilikuwa kama pazia. Likishashuka, mchezo umekwisha. Mama Deki alipokwenda kwa binti yao aliyejifungua, alijiambia anakwenda kumwogesha mjukuu, lakini moyoni alijua anakimbia pazia.

Na sasa karudi, kakuta samaki.

"Tangi hili limetoka wapi?"

"Kwa Fundi Baridi."

"Baridi yupi? Yule wa jalalani hapo juu?"

Fundi Baridi alikuwa fundi wa majokofu, kijana mcheshi mwenye mdomo mrefu, aliyeishi ghorofa ya juu yao. Mlangoni kwake palijaa mizoga ya friji, nyaya na makopo ya mafuta. Siku moja, mbele ya wapangaji wote ngazini, Mama Deki alimwambia kwamba kwake ni pachafu hata panya wanatembea na kandambili. Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Fundi naye alicheka. Lakini tangu siku hiyo kila alipomwamkia, Mama Deki aliitikia kwa nusu mdomo, maana aliyetukana ndiye huwa wa kwanza kununa.

"Ukishatolewa plasta, linarudi kwake," akasema.

Halikurudi. Siku za kwanza alipita mbele ya tangi kama anayepita mbele ya mkwe asiyempenda. Kisha asubuhi moja mumewe akamwita.

"Njoo umwone Trafiki anavyofanya kazi."

"Trafiki ndiye nani?"

"Huyo mwekundu. Hakuna samaki anayepita hapo kwenye jiwe bila kusimamishwa. Na huyo mwenye sharubu anayetambaa chini ndiye Utingo. Kazi yake kuzunguka, kulamba vioo, kukagua magurudumu."

Mama Deki alicheka kabla hajajizuia. Akavuta kiti. Akauliza huyo mnene je? Huyo ni Lori, akaambiwa, amebeba mzigo, karibu atazaa. Wakakaa. Kutoka kwa Trafiki wa majini, mumewe akaingia kwenye trafiki wa barabarani aliyewahi kumsimamisha akamwomba amfikishe kwao kwa sababu mama yake ni mgonjwa. Kutoka kwa Utingo wa sharubu akafika kwa utingo aliyeimba usiku kucha ili dereva asisinzie. Na siku nyingine, macho yakiwa kwenye mapovu, akasema kulikuwa na mteremko mmoja ambao kila alipoushuka alitaja majina ya watoto wake, mmoja mmoja, mpaka afike chini.

"Hukuwahi kuniambia," Mama Deki akasema.

"Wewe hukuwahi kukaa. Mimi sikuwahi kutulia. Tungeambiana wapi?"

Mama Deki alikwenda jikoni akaosha kikombe kilichokuwa safi. Alikuwa ameolewa na mtu huyu ujana wake wote, na ndiyo kwanza anamfahamu, kwa msaada wa samaki. Alitamani kushukuru. Na yeye alijua njia moja tu ya kushukuru.

Siku mumewe alipokwenda na mtoto wao wa kiume kutolewa plasta, alikunja mikono ya gauni. Lile tangi kwa kweli lilikuwa likimwumiza macho. Kioo kilianza kuota utandu wa kijani, maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu, na ile sponji iliyokuwa ndani ya kichujio, alipoichomoa, ilikuwa ya kahawia, inateleza, inanuka kama mtaro.

"Aibu gani hii," akaiambia. "Nyumbani kwangu?"

Akawahamishia samaki kwenye beseni. Akamwaga maji yote. Akachemsha changarawe. Akasugua kioo. Ile sponji akaipiga sabuni, akaikamua, akaisuuza, akarudia, mpaka ikawa nyeupe kama shuka ya wodi. Akafungulia bomba, akajaza tangi mpaka juu, akawarudisha wenyewe, akachomeka pampu. Blu-blu-blu. Maji yaling'aa mpaka ungedhani samaki wanaelea hewani. Akaketi kumsubiri mumewe huku akitabasamu peke yake.

Mzee aliingia kwa fimbo, mguu mwembamba lakini huru. Alilitazama tangi, naye akaanza kutabasamu. Kisha tabasamu likafa.

"Maji umetoa wapi?"

"Bombani. Mapya."

"Yote?"

"Yote. Na ile sponji utaipenda, nimeifua imekuwa mpya."

Mzee aliegemea fimbo. Alisogea karibu. Samaki walikuwa wamejikusanya juu kabisa, midomo ikifunguka na kufungika kwenye uso wa maji. Lori alikuwa ameinama upande. Utingo, ambaye hakuwahi kuonekana juu, alipanda akanywa hewa akashuka kama jiwe.

"Wanafanya nini?" Mama Deki akauliza, na sauti yake ikawa ndogo.

"Wanakosa pumzi. Fundi alinionya uchafu wa sponji ile usiguswe."

"Mimi nilitaka..."

"Najua. Basi."

Akageuza kiti akatazama dirishani.

Laiti angefoka! Mama Deki alikuwa hodari wa kujibu kelele. Lakini lile "basi" lilimwingia kama maji ya barafu uti wa mgongo. Pazia lilikuwa limeshuka, na safari hii alilishusha kwa mikono yake mwenyewe, kwa sabuni yake mwenyewe. Samaki wakifa, watakuwa wamekufa na mteremko ule, na trafiki yule, na majina ya watoto, na yote ambayo mzee alikuwa bado hajayasema.

Wahenga walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mama Deki alishika chuma cha ngazi akapanda ghorofa ya juu, na kila ngazi ilikuwa mlima.

"Hodi."

"Karibu, mama," Fundi Baridi akajibu kutoka nyuma ya friji iliyolazwa chali. "Ila angalia mguu, panya wameacha kandambili zao hapo mlangoni."

Aliimeza ile, ikapita na miiba yake.

"Mwanangu, nimekuja kuomba."

"Omba tu. Sukari? Chumvi?"

"Uchafu."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Umesemaje? Sisikii, friji hii inanguruma sana."

Friji haikuwa hata imechomekwa.

"Uchafu!" Mama Deki akapasua sauti. "Nimekuja kuomba uchafu wako, ewe mtoto usiye na haya! Nimeliosha tangi lote, sponji nimeifua kwa sabuni, na samaki wa mume wangu wanakufa!"

Mlango wa pili ngazini ulifunguka, kichwa kikachungulia, kikarudi. Kufikia jioni jengo zima lingejua. Mama Deki hakujali.

Fundi hakucheka. "Wanapumulia juu?"

"Juu."

"Ingia haraka."

Nyuma ya mizoga ya friji, chumba cha ndani kilikuwa na matangi ukuta mzima, na maji yake yalikuwa angavu, na samaki wake walikuwa wanene na wachangamfu kama watoto waliofunga shule. Mama Deki alisimama mdomo wazi. Fundi alichota maji ya tangi moja akajaza ndoo, akachomoa sponji kutoka kwenye kichujio. Ilikuwa ya kahawia, inateleza, inanuka kama mtaro.

"Shika, mama. Mimi nabeba ndoo, nakuja tena kuchukua madumu."

Mama Deki akaishika kwa mikono miwili, matone yakimdondokea kwenye gauni ngazi zote, kama aliyekabidhiwa yai.

Samaki wakahamishwa upesi kwenye ndoo ya maji ya Fundi. Wadogo wawili walikuwa wameshakwenda zao. Fundi akapunguza sehemu kubwa ya maji ya tangi, akajaza mengine kutoka kwenye madumu yake.

"Haya yamelala kwangu tangu jana, wazi, dawa yake imetoka. Ya bomba yana dawa ya kuua wadudu. Sisi haitudhuru, ila hawa inawaunguza mashavu wanayopumulia. Sasa kamua sponji humo."

"Nikamue? Ndani ya maji haya safi?"

"Wewe mwenyewe."

Alifumba macho akakamua. Wingu la kahawia likamwagika, likatanda, likameza ule ung'avu wote alioutolea jasho. Moyo ulimlia.

"Sikia, mama," Fundi akasema, akiitia sponji yake kwenye kichujio. "Samaki wanakula humo, wanakwenda haja humo. Sumu yake huioni kwa jicho. Ila kwenye sponji wanaishi vijidudu wasioonekana, chakula chao ni sumu hiyo hiyo. Hao ndio wafuaji wa tangi. Leo umewaachisha kazi wote."

Mama Deki akafungua macho. Lugha hiyo aliijua. Aliona mashine zimezimwa, shuka za wagonjwa zimerundikana mpaka darini, na hakuna mtu.

"Nimefukuza chumba kizima cha kufulia?"

"Zamu zote, mama. Mchana na usiku."

Kutoka dirishani kikatoka kicheko kifupi, cha kikohozi. Mzee hakuwa amegeuka, lakini alikuwa akisikiliza.

Walisubiri. Wingu likashuka taratibu. Samaki wakarudishwa kwa kikombe, mmoja mmoja, na Fundi akachomeka pampu. Blu-blu-blu. Lori akalala pembeni ya jani, akitikisa mapezi. Nje, watoto walirudi kutoka shule wakigonga reli za ngazi kwa rula zao. Mama Deki alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, pua karibu na kioo, na hakuona kwamba kiti cha dirishani kilikuwa kimesogea mpaka ubavuni mwake.

"Tazama pale chini," mumewe akasema.

Utingo alikuwa amejibandika kwenye kioo, analamba. Na juu yake, polepole, mwekundu mmoja alisogea mpaka kwenye jiwe, akakaa, na samaki wa kwanza aliyejaribu kupita akasimamishwa.

"Trafiki karudi barabarani," mzee akasema. "Pole yake huyo mwenye haraka. Nishakwambia habari za daraja lililochukuliwa na maji, sisi tuko upande huu, chakula kiko upande ule?"

"Hujaniambia," Mama Deki akasema, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Niambie."

Fundi alikuwa anakusanya madumu yake.

"Mwanangu," Mama Deki akamwita. "Lile neno langu la panya..."

"Neno gani? Mimi sikumbuki." Akafika mlangoni. "Labda panya."

"Ngoja. Tangi hili ulimpa kwa nini, na mimi nilivyokutukana?"

Kijana akajikuna shingo. "Ulipokuwa kwa mwanao, mzee alikuwa anajikokota na magongo anakuja kukaa ngazini. Hana shida, anasalimia tu wanaopita. Nikaona mtu akizoea kusalimia wapita njia, ametamani mazungumzo."

Mama Deki aliinuka. Alitaka kusema ahsante, ila neno lilikuwa dogo kuliko kitu chenyewe. Akatoka hadi kibaraza cha nyuma. Aliporudi alikuwa amebeba lile koti la kazi, zito, jeusi viwikoni. Akalitundika nyuma ya mlango wa sebule, karibu kabisa na makochi.

Mumewe akalitazama, kisha akamtazama yeye. "Litanuka dizeli humu ndani."

"Linuke."

"Mama Deki," mzee akasema. Hakuwahi kumwita jina hilo mbele yake. Wote watatu wakaangua kicheko.

Alipopata pumzi, mikono yake bado ya kahawia mpaka vifundoni, Mama Deki akasimama mbele ya kiti cha mumewe.

"Mzee wangu, nisikilize, na Fundi awe shahidi. Sitafua tena kitu chako kabla ya kukuuliza. Na kuanzia leo, katika nyumba hii, nakuahidi, nitakuwa nakuachia uchafu kidogo."