Shahidi Huru wa Upekuzi

Afande aliyeshughulikia kesi yangu tulimwita Tayari, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Ukimwuliza uchunguzi umefikia wapi, tayari. Mimi niliyeibiwa cherehani ya marehemu mama, na sare za shule ishirini na mbili zikiwa bado vipande mezani, nilimwona malaika aliyevaa buti.

"Mwizi tumeshamjua, mama," aliniambia. "Ni yule mpiga pasi, jirani yako. Twende ukaitambue mali yako."

Mlangoni kwa mpiga pasi tulimkuta mama mwenye nyumba, mikono kiunoni.

"Afande, mna hati ya upekuzi?"

"Hati ni ya watu wasiojua wanachotafuta. Sisi tunakijua."

Jibu hilo lilinikuna. Nilicheka kwa sauti, Mungu anisamehe.

Tayari akainua godoro, akamwaga kabati, na chini ya rundo la mashuka ya wateja cherehani ikaonekana, na ule mkwaruzo ubavuni niliouweka mwenyewe nikiwa na miaka saba, nikachapwa kwa ajili yake. Nililia pale pale.

Kisha ikaja fomu. Kilichokamatwa: cherehani moja. Mtuhumiwa: mpiga pasi, aliyekuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Mstari wa mwisho ulitaka saini ya shahidi huru, yaani mtu asiye polisi wala asiye na lake katika kesi. Wapangaji sita walikuwa wamejazana koridoni bila kazi ya maana.

"Niweke saini mimi?" akauliza mama mwenye nyumba.

"Wewe una maswali mengi," Tayari akamjibu, akanigeuzia mimi fomu. "Mama, saini hapa tumalize. Wewe si polisi, au siyo?"

Kweli, sikuwa polisi. Nikasaini kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Miezi minane cherehani ilikaa kituoni ikiitwa kielelezo, na mimi nikiazima ya wifi yangu kwa kubembeleza. Siku ya kesi nilivaa gauni ninalovaa harusini. Wakili wa mpiga pasi alikuwa binti mpole, mwenye adabu zake.

"Mama, saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na aliyeibiwa ni nani, mama?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo shahidi huru, mtu asiye na lake hapa, ndiye huyo huyo anayedai mali?"

Niligeuka kumtazama Tayari. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kofia yake, kazi ambayo ghafla ilikuwa haiwezi kusubiri.

Hakimu akamwuliza kwa nini alipekua bila hati. Tayari akasema muda haukutosha. Ofisi ya mkuu wake anayetoa hati iko mlango wa pili kutoka meza yake, lakini nani ajichoshe kutembea mwendo wote huo?

Kielelezo kikakataliwa. Kesi ikabaki na machozi yangu, nayo mahakama haiyapokei. Mpiga pasi akaachiwa, na amri ikatoka kwamba kilichochukuliwa kinyume cha sheria kirudi kilikotolewa. Yule binti alinifuata nje kunifariji: naweza kufungua madai, mradi nilete risiti ya cherehani. Mama aliinunua kabla sijazaliwa. Nilimshukuru sana, na moyoni nilimchukia yeye, nikamchukia Tayari, na zaidi ya wote nikajichukia mimi na mwandiko wangu.

Uwanjani pa mahakama, mpiga pasi alikuwa anaifunga cherehani kwenye baiskeli. Kamba ilikuwa imeibana sana, inachubua rangi. Nilinyoosha mkono tu, niilegeze kidogo.

"Mama!" Tayari akapaza sauti kutoka kwenye ngazi. "Usiguse mali ya mtu."