Salah Anabwabwaja Kikamba

Ala! Mtoto hana hata neno moja mdomoni, halafu mtu aniambie anaongea Kikamba!

Aliyeniambia hivyo ni Mama Haweya, mama mkwe wa Fathia, tajiri wangu mwenye duka la nguo hapa Machakos mjini. Alikuwa amekuja kutoka Garissa kumwona mjukuu. Mimi ndiye ninayemlea Salah tangu azaliwe, na bado yeye ni wa ba-ba-ba na da-da-da. Mama Haweya akaketi, akafumba macho, akasikiliza.

"Huyu anavuta sauti kama mama wa sokoni," akasema. "Anapanda, anashuka, halafu anaburuta pale karibu na mwisho. Hicho ni Kikamba, si Kisomali."

"Mama, hizo ni kelele tu za mtoto."

"Mtoto hushika mwendo kwanza, maneno huja baadaye. Nikirudi Ijumaa nimsikie hivi, nitamletea msichana kutoka kwetu."

Weh! Ni kweli nilikuwa namwongelesha Kikamba. Kwani ningemwongelesha nini? Kwetu Katangi Kiswahili ni cha wageni na wanunuzi wa mbuzi, mtoto unamlea na Kikamba. Lakini nikipoteza kazi hii, nani atamlisha mwanangu Ndanu, niliyemwacha kwa mama yangu, susu yake? Nilimkasirikia yule mama, haki ya nani. Ila ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Nikainama. Kisomali sijui zaidi ya salamu, lakini masikio niko nayo. Fathia akiongea kwenye simu, nasimama mlangoni na beseni nikishika mapigo: kinagonga, kinakata, kinaruka kutoka kooni. Mimi nilidhani wanagombana, na Fathia naye husema Wakamba ndio wanaogombana. Nikawa namwosha Salah kwa mwendo huo, namlisha kwa mwendo huo. Maneno yakiniishia natia ya Kikamba, lakini nayagonga vilevile. Sikutulia hata kidogo. Nikifua naongea, nikipanga foleni ya maji naongea, mpaka majirani wakanicheka, "Mwikali, umeolewa Garissa?" Nikawaambia waangalie sufuria zao.

Ijumaa Mama Haweya akarudi, akaketi palepale, akafumba macho. Salah akaanza. Sauti fupi, kavu, zikigonga moja baada ya nyingine. Mimi nimeshika pindo la leso.

Mama Haweya akacheka mpaka machozi. "Sasa huyu ni wetu! Mwikali, hutoki hapa mpaka aingie shule."

Niliona raha jamani! Nikakimbia nyuma ya nyumba, nikapiga simu ya mama kule Katangi. Ikashikwa na Ndanu mwenyewe. Nikammiminia yote kwa Kikamba, bila kupumua, maneno yakigonga na kukatika: nimebaki na kazi, nitakununulia viatu, umekula, umelala vizuri, mwanangu?

Nilisikia kuku wakilia huko uani. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, polepole na kwa adabu.

"Susu hayuko, ameenda shamba. Nimwambie ni nani?"