Ng'ombe wa Bibi Mbuke

Clementi alishuka kwenye pikapu na kreti la soda, wazee wawili, na tabasamu la mtu aliyezoea kukaribishwa. Sikumpa kiti. Hapa kwetu Butiama, mgeni asimame juani! Nilitamani jua lile liongezewe kuni.

"Gati, mama," akasema, "nimekuja kumchukua mwanangu. Damu ni damu."

Nikacheka mpaka kuku wakatawanyika.

Miaka ya foleni alikuwaga meneja wa duka la ushirika Bunda. Sabuni ilikuwa adimu kuliko mvua, nami nilikuwa binti wa shule mwenye shati moja. Nikapata sabuni, nikapata na mimba. Nilipomwambia, hakuinua macho kwenye mizani: "Katoe. Usiniharibie jina." Baba akasema nizae, nipotee. Katekista akasema nizae, nitubu. Waliligombea tumbo langu kama kiwanja cha sokoni. Mwenye tumbo hakuulizwa.

Aliyeniuliza ni Bibi Mbuke tu, mjane asiye na mtoto. Alitaka kunioa kimila, mwanamke amtolee mwanamke mahari na mtoto ahesabiwe wa mtoa ng'ombe, ili nyumba yake isizimike. Hata hivyo akauliza: "Mwanangu, wewe mwenyewe unatakaje? Ukisema huzai, sitakudharau." Nililia hadi kwikwi. Kisha nikasema nazaa. Akaswaga ng'ombe wake wote hadi kwa baba.

Biashara zikafunguliwa, Clementi akafungua duka la jumla Musoma, akawa msemaji wa kutetea uhai parokiani. Nilimsikia kwa masikio yangu, kanisani Mwisenge, akiwaita wauaji mabinti waliotoa mimba. Nilikaa benchi la nyuma, nikauma kanga. Mkewe alimzalia mabinti watupu; ndipo akakumbuka ana mtoto wa kiume Butiama.

"Waambie wazee ulichoniambia Bunda," nikamwambia pale uani.

"Ya ujana hayo, Gati."

"Sema. Bila hivyo, panda gari lako."

Akasema, akitazama viatu. Mzee mmoja aliyekuja naye akasogea pembeni.

"Haya. Mwanangu yuko wapi?"

"Mimi ni mke tu hapa, bwana mkubwa. Ng'ombe wako hatukuwaona. Muombe baba yake."

"Baba yake nani?"

Nikamwonyesha Bibi Mbuke, aliyekuwa akipepeta mtama mlangoni. Clementi akapiga goti moja, kisha la pili. Bibi akapuliza makapi, yakamtua kwenye suti, akaendelea kupepeta.